Wote Wanataka Namba Kumi: Jinsi Mfumo Unavyoamua Mechi Yenu Kabla ya Filimbi

Kila kikosi cha mtaa hapa Nyeri kina shida moja, na wewe unaijua. Uliza wachezaji ishirini nani anataka kucheza namba kumi, mikono kumi na tano itainuka. Uliza nani anataka beki wa kushoto, na ghafla kila mtu ameinama anafunga kamba za viatu. Halafu Jumapili mnachapwa tatu bila, na njia yote ya kurudi tauni mnalaumu refa, mnalaumu matope, mnalaumu yule kipa aliyekuja amechelewa.

Acha nikuulize kitu, msee wangu. Hayo mabao matatu yalipitia wapi?

Nabashiri mawili yalitoka upande wa kushoto, ule ambao hakuna mtu aliutaka. Na la tatu lilipita katikati, mahali viungo wenu wote walikuwa wamehama kwenda kutafuta bao. Refa hakuhusika. Mlipoteza mechi wakati wa kugawana kazi.

Leo nataka tuongee kuhusu mfumo. Hizi namba unazosikia kila wikendi, 4-4-2, 4-3-3, 4-2-3-1, watu wanazitaja kwenye kibanda cha chai utadhani ni namba za simu. Lakini ukimuuliza mtu zinabadilisha nini uwanjani, anaanza kuzunguka. Mimi niliondoka chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo sitakupa lekcha ya profesa. Nitakuonyesha tu hesabu ilivyo, kisha tuone inakuhusu vipi wewe unayecheza Karatina, Othaya, Nanyuki au Kerugoya na bado una ndoto.

Blanketi fupi la Julai

Tuanze na msingi. Namba za mfumo husomwa kutoka nyuma kwenda mbele, na kipa hahesabiwi. 4-4-2 ni mabeki wanne, viungo wanne, washambuliaji wawili. 4-3-3 ni mabeki wanne, viungo watatu na watu watatu mbele: straika mmoja na mawinga wawili. 4-2-3-1 ni mabeki wanne, viungo wawili wa kukaba mbele yao, halafu watatu wa kushambulia nyuma ya straika mmoja. 3-5-2 inatoa beki mmoja nyuma na kujaza watu watano katikati.

Jumlisha yoyote kati ya hizo. Jibu ni kumi, kila mara. Hapo ndipo utamu na uchungu wa mchezo huu uko. Ukiongeza mtu mbele, umemtoa mahali. Si unajua ile baridi ya Julai hapa kwetu, na wewe una blanketi fupi? Ukivuta lifunike mabega, vidole vya miguu vinabaki nje. Kocha ana blanketi hilo hilo. Kazi yake ni kuamua ni sehemu gani ya mwili inaweza kuvumilia baridi.

Kitu cha pili ambacho wengi husahau: mfumo hautulii. Timu inayotajwa kuwa 4-3-3 ikipoteza mpira, mawinga wake wanarudi na unajikuta unatazama 4-5-1. Ikipata mpira, mabeki wa pembeni wanapanda na nyuma wanabaki watu wawili au watatu. Kwa hivyo ile picha ya kwenye runinga kabla ya mechi ni kama picha ya harusi. Wote wamesimama vizuri, lakini haikuambii maisha ya nyumbani yatakuwaje.

Kwa hivyo swali la maana ni hili: mpira ukipotea, nani anaenda wapi? Timu inayojua jibu ina mfumo. Isiyojua ina jezi tu.

Mifumo ilitoka wapi?

Zamani sana timu zilicheza na mabeki wawili, viungo watatu na washambuliaji watano. Ndiyo, watano! Halafu mwaka 1925 sheria ya kuotea ikabadilishwa. Awali mshambulizi alihitaji wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli ndipo asihesabiwe ameotea. Sheria mpya ikapunguza hadi wawili. Mabao yakaanza kumiminika, na mabeki wawili wakawa hawatoshi.

Herbert Chapman, kocha wa Arsenal wakati huo, akajibu kwa kumrudisha kiungo wa kati akae katikati ya mabeki. Akawa na mabeki watatu, na pia akawavuta washambuliaji wawili nyuma kidogo. Ukichora timu hiyo kwenye karatasi unapata herufi W juu ya M. Miaka mingi baadaye, Brazil wakabeba Kombe la Dunia la 1958 wakitumia 4-2-4, mabeki wakiwa wanne.

Mbona nakupeleka mbali hivi? Kwa sababu hakuna mfumo hata mmoja kati ya hiyo uliozaliwa kwa sababu unapendeza. Kila mmoja ulikuwa jibu la shida fulani. Sasa wewe na kikosi chenu mnacheza 4-3-3 kwa sababu mliiona kwa Barcelona au Manchester City. Sawa, lakini shida yenu ni ipi? Kama hamjui shida, mnatibu malaria kwa dawa ya macho.

Wakenya kumi na mabingwa wa Afrika

Mfano mzuri zaidi hauko Ulaya. Uko Kasarani, na pengine uliuona kwa macho yako.

Agosti 2025, Kenya ikiandaa CHAN pamoja na Uganda na Tanzania, Harambee Stars walikuwa chini ya kocha Benni McCarthy kutoka Afrika Kusini. Alikuwa amechukua kazi mwezi Machi mwaka huo. Huyu ni mtu aliyeshinda Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka 2004 akiwa Porto chini ya José Mourinho, kwa hivyo habari za nidhamu ya mfumo hakuzisoma gazetini.

Kenya ilianza kwa kuichapa DR Congo 1-0, bao la Austin Odhiambo katika dakika za nyongeza za kipindi cha kwanza. Mechi ya pili dhidi ya Angola, tukafungwa mapema, tukasawazisha kwa penalti, kisha dakika ya 21 Marvin Nabwire akala kadi nyekundu. Zaidi ya saa nzima na watu kumi. Matokeo? 1-1.

Halafu ikaja Agosti 10, Morocco. Ryan Ogam akafunga dakika ya 42. Kabla hata ya mapumziko, Chrispine Erambo naye akaonyeshwa kadi nyekundu. Kipindi chote cha pili, kumi dhidi ya kumi na mmoja, na Morocco wale ni watu wa kuchezea mpira kama wanausuka. Mechi ikaisha 1-0. Mwisho wa mwezi, Morocco hao hao walibeba kombe hapo hapo Kasarani baada ya kuishinda Madagascar 3-2 kwenye fainali. Kwa hivyo Kenya iliwapiga mabingwa ikiwa pungufu kwa nusu ya mchezo.

Watu walisema ni maombi. Wengine walisema ni kelele za mashabiki. Sitabishana na maombi, na kelele zilikuwepo kweli. Lakini angalia pia hesabu.

Uwanja wa kimataifa una upana wa kama mita 68. Ukipanga watu wanne wausambae wote, kila mmoja analinda kama mita 17. Hiyo ni nafasi kubwa, hata matatu inapita. Kwa hivyo timu iliyobaki na watu kumi haijaribu kulinda uwanja wote. Kawaida inajipanga 4-4-1: mistari miwili ya watu wannewanne, imesogeleana hadi mita kumi au kumi na tano, na wote wamejibana kuelekea katikati. Pembeni wanaachia. Mpinzani akitaka kupitia huko, karibu. Apige krosi, na mabeki warefu wanaisubiri.

Kwa nini pembeni? Kwa sababu ukiwa pembeni goli linaonekana jembamba. Ukiwa katikati, linaonekana pana kama lango la soko la Karatina. Timu pungufu inauza sehemu ya uwanja yenye bei ya chini na kushikilia ile ya bei ghali.

Na ni nani hutolewa? Mara nyingi ni mtu wa mbele. Kocha anamtoa mshambulizi mmoja au yule kiungo mchezeshaji, kisha anajaza pengo la nyuma. Yule straika anayebaki peke yake naye kazi yake inabadilika kabisa. Hatafuti mabao tena. Anakimbizana na mabeki ili wasipange mpira kwa starehe, na mpira mrefu ukimfikia anaushikilia sekunde tano wenzake wapumue. Sekunde tano hazionekani kwenye orodha ya wafungaji, lakini ndizo zinakupeleka robo fainali.

Kenya iliongoza Kundi A kwa pointi kumi, ikiwa imefungwa bao moja tu katika mechi nne. Ogam alifunga tena dhidi ya Zambia, 1-0, na baada ya mashindano hayo akaelekea Austria kujiunga na Wolfsberger.

Lakini nisikudanganye. Mfumo una mipaka. Agosti 22, robo fainali, Alphonse Omija alitutanguliza mapema kipindi cha pili. Madagascar wakasawazisha kwa penalti, mechi ikaisha 1-1, tukaondolewa 4-3 kwa matuta. Beki wa kati ndiye aliyefunga bao letu, na mikwaju ya penalti ndiyo iliyotumaliza. Mfumo unakuongezea nafasi ya kushinda. Cheti cha ushindi haukupi.

Namba moja, kazi tofauti

Sasa tuingie kwa majukumu, maana hapa ndipo vijana wengi huchoma.

Mfumo unakuambia unasimama wapi. Jukumu linakuambia unafanya nini ukiwa hapo. Mabeki wawili wa kushoto katika 4-3-3 mbili tofauti wanaweza kuwa na kazi ambazo hazifanani hata kidogo. Mmoja anapanda na kushuka siku nzima kama boda boda ya Gatitu. Mwingine anakaa nyuma ili beki wa kulia ndiye apande. Ukiwapandisha wote wawili na namba sita wako haelewi kazi yake, mpinzani akinasa mpira anakuta barabara wazi.

Tuseme neno juu ya huyo namba sita, kiungo mkabaji. Ukipanda matatu ya kwenda Nairobi, dereva ndiye anayesifiwa kwa mbio. Lakini anayejua nani amelipa, nani anashukia Sagana na nani amekalia chenji ya mwenzake ni makanga. Namba sita ndiye makanga wa timu. Anaziba mwanya beki akipanda. Anachukua mpira kwa mabeki na kuupeleka kwa wanaojua kupamba. Anavunja shambulizi la mpinzani kabla halijapata jina.

Kazi hii ilipata heshima duniani kwa sababu ya mtu aliyezaliwa Kinshasa, Claude Makélélé. Real Madrid walimwachilia mwaka 2003 akaenda Chelsea. Msimu wa 2004/05, chini ya Mourinho, Chelsea walitwaa ligi ya Uingereza wakifungwa mabao 15 pekee. Hesabu yake ilikuwa rahisi hadi inaudhi. Timu nyingi Uingereza zilikuwa zikicheza 4-4-2, yaani viungo wawili katikati. Chelsea walikuwa na watatu, Makélélé akiwa nyuma kidogo. Watatu dhidi ya wawili, kila mara kuna mmoja yuko huru. Wakimfuata Makélélé, wanawaacha wenzake. Wakimwacha, anapanga mchezo bila haraka.

Na sisi Wakenya tulikuwa na wetu. Victor Wanyama, mtoto wa Muthurwa, Nairobi. Novemba 2012 akiwa Celtic, timu yake iliifunga Barcelona ya Messi na Xavi 2-1. Barcelona walishika mpira karibu mechi yote. Wanyama alifunga bao la kwanza kwa kichwa kutoka kwa kona, halafu akarudi kwenye kazi yake ya kuziba njia. Mwaka uliofuata akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, Southampton, kisha Tottenham mwaka 2016. Manze, hakufika huko kwa kupiga chenga watu watano. Alifika kwa kusimama mahali sahihi.

Namba tisa naye? Michael Olunga alifunga mabao mawili Juni 2019 kule Misri, Kenya ilipotoka nyuma na kuilaza Tanzania 3-2 kwenye AFCON. Wengi tunakumbuka mabao. Lakini straika mkubwa kama huyo ana kazi nyingine isiyoimbwa: anawakalisha mabeki wawili wa kati nyumbani. Hawathubutu kupanda. Kila hatua wanayorudi nyuma kwa kumwogopa, viungo wako wanapata nafasi ya kuvuta pumzi na kuinua kichwa.

Kuna dada zetu pia. Junior Starlets, wasichana wa chini ya miaka 17, walikuwa timu ya kwanza ya Kenya kufika Kombe la Dunia la FIFA, Jamhuri ya Dominika mwaka 2024. Walifungwa na Uingereza na Korea Kaskazini, kisha wakaishinda Mexico 2-1. Kwa hivyo dada, kama unasoma hii ukidhani nami naongea na maboi peke yao, rudi juu usome tena.

Mlima una mfumo wake

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu kuna kitu ambacho video za mafunzo za Ulaya hazikuambii. Uwanja ni mchezaji.

Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Nanyuki iko juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi, oksijeni ni kidogo. Timu inayotaka kubana mpinzani juu uwanjani dakika 90 bila kupumzika italipa kwa mapafu. Sisi tumezoea, na hiyo ni faida timu ya kutoka pwani inapotutembelea. Lakini hata mwili uliozoea una kikomo. Kwa hivyo chagueni nyakati za kubana. Mpira ukienda kwa beki wao mwenye mguu dhaifu, hapo mwende wote. La sivyo rudini, jipangeni, pumueni.

Halafu kuna mvua. Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, viwanja vingi vya shule na vya mitaa vinageuka shamba la nduma. Kocha anayeng'ang'ania kuanza mchezo kwa pasi fupi kutoka kwa kipa mwezi wa Aprili anatafuta ajali. Mpira unakwama kwenye dimbwi mbele ya goli lako na straika wao anakushukuru. Siku kama hiyo 4-4-2 ya kizamani ina akili kuliko chochote ulichoona kwenye runinga. Mpira mrefu, washambuliaji wawili, mmoja anaruka na mwenzake anaokota masalio. Mpira wa pili ndio mechi.

Na kuna mteremko. Usicheke, unajua viwanja ninavyosema. Ukicheza kuelekea juu, mpira mrefu unarudi kama mkopo. Bana, cheza pasi, maliza nusu hiyo bila kufungwa. Ukibadilisha upande, sasa ongeza mtu mbele. Timu moja, siku moja, mifumo miwili, na hakuna mchezaji aliyebadilishwa.

Najua utasema tatizo letu ni viwanja. Una haki. Ruring'u, uwanja ambapo wapiganaji wa Mau Mau walikusanyika Desemba 1963 walipotoka msituni, ukarabati wake umekuwa hadithi ya miaka mingi. Meru wana Kinoru, ambao ulikuwa kwenye orodha ya viwanja vya CHAN 2018 kabla ya Kenya kupokonywa mashindano hayo kwa kuchelewa kujiandaa. Tumeumia, sote tunajua.

Lakini angalia Murang'a. Murang'a SEAL walipanda hadi Ligi Kuu ya FKF msimu wa 2023/24. Klabu ya huku kwetu mlimani, imekaa meza moja na Gor Mahia na AFC Leopards. Barabara ya kwenda juu inaanza hapa pia.

Kwa nini hii ni shida yako wewe

Wacha niseme jambo ambalo halisemwi kwenye grupu ya WhatsApp ya timu.

Vijana wengi wenye kipaji huku wanaacha mpira wakiwa na miaka 20 au 21. Nyumbani wameambiwa mpira haulipi, kuna shamba, kuna duka la mjomba, kuna kozi ya kumalizia. Wanaondoka wakiamini hawakuwa wazuri vya kutosha. Ninavyoona mimi, wengi wao walikuwa wazuri mahali pasipofaa. Mtu ana mapafu ya farasi na mguu wa kushoto mzuri, lakini ametumia miaka minne akiwa namba kumi wa tatu kwenye kikosi chenye manamba kumi sita.

Fanya hesabu kama ya sokoni. Bidhaa ikijaa, bei inashuka. Kila mtaa umejaa viungo wachezeshaji. Beki wa kushoto anayetumia mguu wa kushoto kweli ni adimu. Kipa anayeweza kupiga pasi ni adimu. Namba sita anayekubali kukaa nyuma wakati wote wanapanda ni adimu kuliko hao wote. Skauti akija kwenye mashindano ya shule au ya kaunti, hatafuti mtu wa kumi na tano wa aina moja.

Na kubadilisha nafasi si kushushwa cheo. Thierry Henry alifika Arsenal mwaka 1999 akijulikana kama winga, Arsène Wenger akamfanya straika. Gareth Bale alianza kama beki wa kushoto kabla ya kuwa winga aliyetisha Ulaya. Javier Mascherano alikuwa kiungo mkabaji, Barcelona wakamweka beki wa kati na akashinda kila kitu. Hawakubadilisha vipaji. Walibadilisha mahali pa kuvitumia.

AFCON ya 2027 inakuja Kenya, Uganda na Tanzania. Pengine hutaitwa kikosini. Lakini macho yatakuwa mengi kwenye soka letu kuliko yalivyowahi kuwa, na klabu zitatafuta watu. Itakuwa aibu wakupite kwa sababu ulikataa kusimama upande wa kushoto.

Maswali manne ya kumuuliza kocha wako wiki hii

Muulize kwa heshima, mazoezini, si mbele ya umati. Mwite "kocha" na umngoje amalize kupuliza filimbi yake.

1. Tukipoteza mpira, mimi naenda wapi kwanza: kwa mwenye mpira, au kwa nafasi yangu?

2. Beki wa upande wangu akipanda, nani anabaki nyuma yake?

3. Tukipata kadi nyekundu, nani anatoka na tunabadilika kuwa mfumo gani? Timu nyingi za mtaa huanza kujadili hili kadi ikiwa tayari hewani.

4. Mguu wangu, mbio zangu na urefu wangu, wewe ukiniangalia unaniona wapi?

Hilo la nne litauma kidogo. Jibu likija "beki", usinune. Jaribu mechi tano. Jifunze nafasi mbili, moja ya moyo na moja ya mkate.

Kama wewe ndiye kocha, na wengi wenu ni vijana wa miaka 24 mnaofundisha bila malipo, usianze na mfumo. Andika majina ya wachezaji wako, na kando ya kila jina kitu kimoja anachofanya vizuri kuliko wenzake. Mfumo utajiandika wenyewe. Una mawinga wawili wenye mbio? 4-3-3 inakungoja. Huna winga hata mmoja lakini una straika wawili wanaoelewana kama mapacha? Acha kulazimisha, cheza 4-4-2. Una mabeki wa kati watatu wazuri na viungo wengi? Jaribu 3-5-2, ila hakikisha wale wa pembeni wana mapafu.

Na wewe ambaye huchezi, shabiki wa kawaida unayelipa kuingia kutazama mechi za Ulaya pale base, nina kazi yako pia. Mechi ijayo, chagua mchezaji mmoja. Asiwe straika. Chagua namba sita au beki wa pembeni, na umtazame yeye peke yake dakika kumi, hasa akiwa hana mpira. Angalia anavyogeuza shingo kabla ya pasi kumfikia. Angalia hatua tatu anazopiga kando na pasi haiji, halafu anarudi na kuzipiga tena. Hesabu mara ambazo mpinzani aliinua kichwa, akamwona amesimama pale, akaamua kurudisha mpira nyuma.

Hizo pasi ambazo hazikupigwa hakuna anayezihesabu kibandani. Anza kuzihesabu wewe, kisha mwambie jirani yako kwenye benchi kwa nini yule "asiyefanya kitu" ndiye ameshika mechi.